Barua ya wazi kwa wanaoendesha kozi ya usafi wa kinywa: wagonjwa tafuteni ninyi, sisi tufundisheni

Shikamooni wakuu.

Wakuu wa vyuo, wakuu wa idara, wasimamizi wa kliniki za kufundishia, na ninyi mnaokaa kwenye mabaraza ya kusajili wanataaluma, yaani wote mnaoshika hatima ya mtu anayesomea digrii ya usafi wa kinywa na meno, barua hii ni yenu. Sitaji chuo changu wala sitaji mtu, kwa sababu shida yenyewe sio ya chuo kimoja. Nimeongea na wanafunzi wenzangu wa vyuo vingine kwenye magrupu na hadithi ni ile ile, majina tu ndo yanabadilika.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya kliniki, saa tatu kasorobo asubuhi, barakoa iko kidevuni na mgonjwa wangu hajaja. Jana usiku alinijibu meseji, "nitakuwepo mapema sana usijali", leo simu inaita mpaka inakata yenyewe. Nilifika saa moja. Nikafuta kiti, nikavika plastiki taa na vishikio vyote, nikachukua kaseti yangu ya vyombo, nikaangalia kile kikaratasi cha ndani kama kimebadilika rangi ili nijue mvuke wa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vyombo, ulipenya kweli, nikapanga trei: kioo, probu ya kupimia fizi, eksplora ya kupapasia jino, skela mbili za kukwangulia ukoga, na kyureti tano za kuukwangua chini ya fizi, nilizozinoa mwenyewe juzi mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Nikakaa. Saa mbili ikafika, saa mbili na robo, kila mlango ukifunguliwa nainuka kidogo kumbe ni mgonjwa wa mwenzangu. Saa mbili na nusu mwalimu akapita na karatasi zake, akaangalia kiti kitupu, akaniangalia mimi, akaandika sifuri. Hajanionea hata kidogo, ndivyo sheria ilivyo, mgonjwa asipokuja ni kosa la mwanafunzi. Halafu vile vyombo ambavyo havijagusa jino la mtu, kwa kuwa kaseti ilishafunguliwa, vikarudi kuoshwa na kupikwa upya kama vile nimefanya kazi asubuhi nzima.

Ombi langu ni moja na nalisema mapema ili hata mtakaochoka kusoma mlibebe: acheni kutuachia wanafunzi kazi ya kutafuta wagonjwa. Itoeni mikononi mwetu.

Kwa wale ambao hawaijui kozi hii vizuri (najua baadhi yenu mmepewa kuisimamia mkitokea idara nyingine kabisa), ngoja nieleze kidogo. Mwanzoni tunasoma kama wenzetu wote wa afya, anatomia ya kichwa na shingo, vijidudu, dawa, magonjwa ya fizi, eksrei. Kisha tunaingia maabara tunafanya mazoezi kwenye sanamu, kichwa cha mpira chenye meno ya plastiki yaliyopakwa ukoga wa kutengeneza. Baada ya hapo ndo kliniki, watu wa kweli. Na huko kliniki kuna kitu kinaitwa rekwaimenti, yaani idadi ya kesi ambazo lazima uzimalize ndo uhitimu: watu wazima kadhaa, watoto kadhaa, wazee, wenye mahitaji maalumu, na zile ngumu kuliko zote, wenye ukoga mwingi na mgumu chini ya fizi. Idadi inatofautiana chuo kwa chuo. Kinachofanana kwenye vyuo vingi ni kwamba hao watu utawajua wewe mwenyewe utawatoa wapi.

Sasa msinielewe vibaya, mi kozi yangu naipenda. Naipenda kiasi kwamba hii hasira niliyonayo inatoka humo humo. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba kazi hii inafanyika gizani. Ukoga wa juu ya fizi unauona, ule wa manjano nyuma ya meno ya mbele ya chini pale mate yanapotokea, huo hata mtoto atauona akifunuliwa mdomo. Lakini ule wa chini ya fizi, mweusi mweusi, mgumu kama umeungwa na gundi, huo huuoni, unausikia. Unashika eksplora kwa wepesi, sio ile kushika kama kalamu ya mtu anayefanya mtihani, unaishika kama unyoya, kidole cha pete umekiegemeza kwenye jino la jirani kisitoke, unateremsha ncha taratibu pembeni ya mzizi. Jino safi ncha inapita kimya, kama kidole juu ya kioo. Ukikutana na ukoga kuna mtikisiko mdogo sana, unapanda kwenye mpini mpaka kwenye ncha ya kidole cha kati, na mara ya kwanza niliyousikia nilisimamisha mkono nikamwambia mwalimu "madam, nimeupata" kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Madam akaingiza eksplora yake, akatikisa kichwa kukubali, akasema haya utoe. Nikachukua kyureti namba 13/14 kwa ajili ya upande wa nyuma wa gego, nikakosea pembe mara mbili, ya tatu ukang'oka kipande kizima. Siku ile nilijua nimepata kazi.

Hiyo hisia huwezi kuisoma kwenye kitabu na sanamu inakupa nusu yake tu. Inakuja kwa midomo mingi, tofauti tofauti. Kwa hiyo sipingi kesi, wala sisemi mpunguze watu tunaowahudumia, kama kuna kitu ningeomba hapo ni kwamba tuwahudumie wengi zaidi. Ninachokataa ni huu mtindo wa kutufanya madalali wa midomo ya watu halafu mnatupa maksi kwa udalali badala ya mkono.

Hebu niwaambie inavyokuwa. Kwanza unabadilika tabia. Nimekuwa mtu ambaye nikiongea na wewe sikuangalii machoni, nakuangalia fizi. Mtu anacheka kwenye usafiri, mimi nimeshahesabu, hapo mbele chini kuna daraja zima la ukoga, huyu ni kesi ngumu, nitamwanzaje? Kuna siku nilimfuata kaka mmoja nikamwambia kwa heshima zote kwamba chuoni kwetu tunasafisha meno, akaniangalia kama nimemtukana, na ukifikiria vizuri nilimtukana. Nani anataka kuambiwa na mtu asiyemjua kwamba mdomo wake umefaa kwa mafunzo. Mwenzangu mmoja aliweka tangazo kwenye stetasi yake, "natafuta watu ambao hawajasafishwa meno zaidi ya miaka mitano", shangazi yake akamjibu hapo hapo mbele ya watu, "mwanangu, umeona ututangaze?"

Halafu inakuja biashara ya kukopeshana. Mjomba wangu ana kile tunachokiita mdomo wa dhahabu, ukoga kila pembe, hajawahi kukaa kwenye kiti cha meno isipokuwa siku ya kung'olewa. Nilipomtaja tu darasani watu watatu walinifuata. Robo moja ya mdomo nikafanya mimi, nyingine nikamwazima rafiki yangu aliyebakiza kesi moja kumaliza semista, na yeye akanipa binamu yake mtoto wa miaka tisa kwa sababu nilipungukiwa watoto. Mjomba akacheka akasema, "kumbe siku hizi mimi ni mgonjwa wa mkopo." Tulicheka wote. Lakini ukikaa ukafikiria, mtu mmoja, mdomo mmoja, fizi zinazovuja damu, kagawanywa kama kiwanja, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na jukumu la mdomo mzima. Baada ya kusafisha chini ya fizi tumefundishwa mtu arudi baada ya wiki nne mpaka sita hivi upime tena uone mifuko, yaani ile nafasi kati ya fizi na jino, imepungua kina au la. Mjomba alirudi? Hakurudi. Nani angemwita, kila mtu alishapata sahihi ya mwalimu kwenye fomu yake.

Na kuna hili ambalo linasemwa kwa sauti ya chini korido. Mgonjwa mzuri anatunzwa. Unampima mwaka wa pili, unaona probu inazama milimita 5, milimita 6, fizi inatoa damu ukiigusa tu, na badala ya kumsafisha unamwambia "subiri subiri kidogo, nitakupigia", kwa sababu ukimsafisha sasa hivi huna wa kumleta kwenye mtihani wa mwisho. Mtu ana ugonjwa, wewe ndo uliyeugundua, na wewe huyo huyo unamwekea foleni kwa faida yako. Sijui mnaitaje hiyo, kwetu darasani tulifundishwa maadili ya taaluma kwa semista nzima na slaidi kibao na hakuna slaidi iliyoigusa.

Lakini sababu hasa ya kuandika hii barua ni mjomba, siku yake ya kwanza, na hili sijamwambia mtu zaidi ya mama.

Kabla ya kugusa mdomo tunapima presha. Kliniki yetu ina kikomo, ikifika 180 juu au 110 chini, hakuna kusafishwa, mtu anaandikiwa barua anaenda kwa daktari. Mjomba alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, ameoga, kaja mapema, anasalimia kila mtu. Nikamfunga mkono. 184 kwa 112. Nikamwambia pumzika kidogo mjomba, labda ni zile ngazi. Baada ya dakika tano nikapima tena, 182 kwa 110. Mpaka hapo niko ndani ya utaratibu kabisa, kurudia ni sawa. Nikamwambia tubadilishe mkono. Nikapima, 181 kwa 108. Na hapo nikajikuta nasubiri zipite dakika nyingine tano nipime mara ya nne, na nilijua kabisa moyoni sipimi presha ya mjomba, natafuta namba. Natafuta 179. Kwa sababu nilikuwa nimebakiza siku tisa semista ifungwe, na kesi ngumu nilikuwa sina nyingine, na mwenzetu mmoja mwaka uliotangulia alidisko, yaani aliondolewa chuoni, kwa kukosa kesi mbili tu, mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Niliangalia ile mashine nikaangalia uso wa mjomba, anatabasamu, ananiamini, haelewi kwamba ameketi na presha ya kumwangusha, na mimi binti wa dada yake naombea kimoyomoyo mashine ikosee.

Nikaita mwalimu. Mjomba akaandikiwa barua akaenda hospitali, kumbe presha anayo siku nyingi bila kujua, sasa yuko kwenye dawa na mwezi uliofuata tukamsafisha vizuri tu. Kwenye fomu yangu siku ile kuliandikwa "haijakamilika". Maksi sikupata hata moja. Ningempima mpaka ishuke ningepata zote.

Hapo ndo pa kupasoma mara mbili wakuu. Kitu cha maana kuliko vyote nilichofanya kwenye miaka yangu yote ya kliniki, kugundua presha ya mtu kabla haijamwangusha, kwenye mfumo wenu kimehesabiwa kama sijafanya kazi. Na nilikaribia kutokifanya. Mimi sio mtu mbaya, na nina hakika sio mimi peke yangu niliyewahi kusimama na ile mashine mkononi nikihesabu siku zilizobaki.

Najua majibu yenu maana nimeyasikia. La kwanza mnasema kutafuta wagonjwa kunatufundisha mawasiliano na kujituma. Sawa, lakini nikishaajiriwa hakuna kliniki itakayonituma barabarani kuokota watu, kuna mtu wa mapokezi, kuna kitabu cha miadi, kuna watu wanaokumbushwa kila miezi sita. Mawasiliano tunayoyahitaji ni yale ya kwenye kiti: namna ya kumwambia mtu mzima kwamba hajui kupiga mswaki bila kumdhalilisha, namna ya kumwonyesha aulaze mswaki kwa pembe ya nyuzi 45 pale fizi inapokutana na jino akaelewa mpaka akifika nyumbani anakumbuka. Hayo yanataka muda, na muda wetu tunaumaliza kwenye simu. Kuna wiki nilihesabu nimepiga simu zaidi ya saa nilizoshika kyureti.

La pili mnasema wagonjwa hawapo. Hapa jamani naomba mnivumilie. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2022 limesema watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Bilioni 3.5! Halafu mi nakosa mmoja wa Jumatatu. Hao watu wapo, ila hawajui kama mko, na mlango wa kuingilia kliniki ya chuo ni mwanafunzi mmoja mwenye salio kidogo kwenye simu.

Na hata historia yenyewe ya hii taaluma haiko upande wenu. Tulifundishwa wote kuhusu daktari wa meno Alfred Fones wa Bridgeport, Connecticut, kule Marekani. Mwaka 1906 alimfundisha msaidizi wake Irene Newman, ambaye pia alikuwa ndugu yake, kusafisha meno ya wagonjwa na kuwaelekeza namna ya kuyatunza, na mwaka 1913 akafungua shule ya kwanza, kwenye gereji yake, ndio, gereji. Mwaka 1917 Irene akawa mtu wa kwanza kupewa leseni ya kazi hii. Hiyo tunaikariri kwa ajili ya mtihani tunaisahau, lakini kuna kipande chake ambacho ningependa mkiangalie upya: Irene hakuambiwa azunguke mitaani, wagonjwa walikuwa tayari kwenye ofisi ya Fones. Na wahitimu wake wengi wa mwanzo walienda kusafisha meno ya watoto wa shule za mji ule ule, kwa mpango uliopangwa, watoto wako pale, wanajulikana darasa kwa darasa, mwaka huu unawaona na mwaka kesho unawaona. Taaluma imezaliwa hivyo, na mtu aliyepanga midomo itatoka wapi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye sisi tunaweka stetasi.

La tatu, na hili silibezi, ni pesa. Mnasema kuajiri mtu wa kuratibu wagonjwa ni gharama. Ni kweli ni gharama. Lakini leo ipo gharama ile ile, sema mmeihamishia kwetu. Nauli ya mgonjwa nalipa mimi, na chai yake, na kama amekosa siku ya kazi nampoza kidogo, wapo wenzangu wanaolipa watu wazi wazi, na sasa wagonjwa wameshajua, kuna mmoja aliniuliza kabla ya salamu, "mnatoa shilingi ngapi?" Anayetoka familia kubwa hapa karibu na chuo anamaliza kesi mapema, aliyekuja kusoma kutoka mbali hamjui mtu, anarudia semista, na kwenye matokeo wote wawili wanasomeka kana kwamba tofauti yao ni uwezo. Viti vyenu navyo vinakaa vitupu asubuhi nzima, mwalimu analipwa akiangalia kiti kitupu, otoklevu inachemsha vyombo visivyotumika. Hiyo hamjawahi kuipigia hesabu.

Ningependa kuona nini? Mtu mmoja mapokezi, mwenye orodha na simu ya chuo, kazi yake ni hiyo tu. Chuo kiongee na vituo vya afya, shule, nyumba za wazee, makundi ya watu wenye kisukari (hao ndo hasa fizi zao zinawasumbua na sukari isipotulia fizi nazo hazitulii, tumelisoma hili mpaka tumechoka, kwa nini hatuwaoni kwenye viti?). Kabla semista haijaanza iwepo siku ya kupima watu wengi kwa pamoja, walimu wanapanga nani ni kesi nyepesi nani ngumu, wanagawa kwa haki, yule aliyetoka mbali anapata sawa na yule mwenye wajomba. Na mgonjwa akiwa wa mwanafunzi awe wake mdomo mzima, tangu kupima mpaka ile ziara ya kurudi baada ya wiki kadhaa, na hiyo ziara ya kurudi iwe na maksi nzito, tena mkitaka iwe nzito kuliko ukoga wenyewe, maana ukoga kila mtu anaweza kuutoa akikazana, kinachoonyesha kama umefundisha mtu ni mdomo wake akirudi.

Mgonjwa asipotokea, mwanafunzi aliyekuja na kila kitu tayari asipewe sifuri. Apewe kazi nyingine, amsaidie mwenzake kuandika namba wakati anapima mifuko. Mnajua wenyewe jino moja linapimwa sehemu sita, mtu mwenye meno 32 ni namba 192, ukiwa peke yako unapima unavua glavu unaandika unavaa, nusu ya asubuhi imeisha. Mikono inahitajika kila siku mle ndani na sisi tunafukuzwa tukakae kwenye ngazi.

Kuhusu mtihani wa mwisho, mabaraza hili ni lenu. Pimeni mkono wangu kwenye sanamu, ukoga uwe sawa kwa kila mtu, meno yale yale. Korona ilipofunga kliniki mwaka 2020 kule Marekani majimbo mengi yalianza kukubali mtihani wa leseni unaofanyika kwenye sanamu, na sababu waliyokuwa nayo ilikuwa ya dharura, lakini sababu ya kuendelea nao ilikuwepo tangu zamani: hakuna mgonjwa wa kutunzwa, hakuna mtu wa kulipwa aje, hakuna mtu anayefeli kwa sababu mgonjwa wake ameamka na mafua. Watu wa kweli waacheni wawe wa kliniki, kwa kuwahudumia, huko tuangalieni siku baada ya siku mwaka mzima, mtajua mengi zaidi kuliko asubuhi moja ya mtihani.

Na lile la presha lisisahaulike. Mwanafunzi akimsimamisha mgonjwa kwa sababu ya msingi, iwe presha, sukari, au kidonda ambacho hakieleweki kwenye ulimi, ile iwe kesi iliyokamilika. Ipewe sahihi na maksi kamili, pale pale, mbele ya mgonjwa. Hili halihitaji bajeti, ni mstari mmoja tu kwenye fomu.

Nimemaliza karibu. Mgongo unaniuma na hii ni kabla hata sijaanza kazi, ila hiyo ni barua nyingine, viti vyenu havishuki chini vya kutosha kwa watu wafupi, fundi aliambiwa tangu mwaka jana.

Wakati naandika yule mgonjwa wa leo amenijibu, ameweka kikatuni cha kucheka na neno "samahani dia nilipitiwa". Nimempangia Jumatatu saa mbili asubuhi na sina imani naye hata kidogo. Kwa hiyo waheshimiwa, kama kati yenu yupo ambaye hajakaa kwenye kiti siku nyingi, ukipiga mswaki unatema damu na umekuwa ukisema nitaenda nitaenda, Jumatatu njoo wewe. Kiti namba 7, upande wa dirishani. Uje umekunywa chai, na kama una presha uje na dawa zako. Nitakupima mara mbili tu.